Riwaya ya Kutisha Isiyotisha: Kutafuta Ubovu, Dalili kwa Dalili

Mezani kwangu kuna vitu viwili vinavyougua ugonjwa mmoja. Cha kwanza ni riwaya ya Kiingereza niliyoiokota kwenye meza ya vitabu vya mtumba mjini, elfu nane, muuzaji akiwa ameanzia kumi na tano. Jalada ndilo lililonimaliza: Harry Houdini yule mfanya mazingaombwe, Arthur Conan Doyle wa Sherlock Holmes, na H. P. Lovecraft wa hadithi za kutisha, wote watatu kitabu kimoja, wanapeleleza vifo ambavyo muuaji wake si wa dunia hii. Kwa mtu kama mimi hiyo ni biriani na juisi ya ukwaju. Vitabu vya namna hiyo huwa navimaliza kwa usiku mmoja na nusu. Hiki nimekikokota wiki tatu.

Cha pili ni mswada wa kijana wa Mbagala aliyeniomba nimharirie: Vita vya Majimaji, Kinjikitile Ngwale, na joka lililoshuka kutoka nyuma ya nyota. Kijana ana kalamu. Ila mswada unapwaya palepale kinapopwaya kile cha mtumba.

Kaka yangu ni fundi magari mtaa wa Gerezani. Mteja akija na maneno ya "gari haivuti", kaka hakimbilii kufungua injini. Anauliza: haivuti mlimani au hata tambarare? Asubuhi, au ikishapata moto? Halafu anaanza na vya bei rahisi, chujio, plagi, waya, na injini inafunguliwa mwisho, tena kwa kusikitika. Nimeuiba utaratibu wake. Anayeandika riwaya ya aina hii, au aliyeisoma akabaki hajui kwa nini haikumkamata, aanze juu ateremke nami.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Riwaya hii inaendeshwa na mashine tatu kwa mpigo. Kuna upelelezi, unaoahidi jibu. Kuna hofu ya ulimwengu, ile aliyoipa sura Lovecraft wa Providence, Marekani (1890–1937), inayosema kwamba jibu likipatikana litakuvunja, maana ulimwengu hauna habari na wewe. Na kuna watu wa kweli, wanaokuja na tarehe zao, ndugu zao na makaburi yao. Kila moja inavuta upande wake, na ubovu mwingi hukaa kwenye maungio.

Dalili: kila kitu "hakielezeki"

Hili ni chujio, linasafishwa kwa nusu saa. Chukua penseli, zungushia kila "isiyoelezeka", "ya kutisha mno", "kupita akili ya binadamu". Katika sura moja ya kile kitabu cha mtumba nilifika kumi na nne nikaiweka penseli chini.

Chanzo chake ni kumwiga Lovecraft vibaya. Ni kweli alipenda vivumishi, lakini alipokuwa katika ubora wake alipima. Katika ile hadithi ya Cthulhu, zimwi lililolala chini ya bahari, aliyoiandika 1926, iliyochapishwa na jarida la Weird Tales mwaka 1928, anakupa mpaka latitudo na longitudo za mahali mji uliozama ulipoibukia. Unaogopa kwa sababu mtu ameshaweka rula. Waliomfuata walichukua vivumishi, rula wakaiacha.

Kijana wangu alikuwa ameandika hivi, mandhari ni bandari ya Dar es Salaam wakati wa Mjerumani: "Kitu kisichoelezeka, cha kutisha kupita akili, kilikuwemo ndani ya maji usiku ule." Nikamuuliza maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa. Akacheka, kisha akanyamaza, akaenda. Kesho yake akaleta hii: "Ilikuwa bamvua, saa nne usiku, maji yamekupwa mpaka mbali. Mashua zote zilikuwa zimelala ubavu kwenye tope. Moja tu ilikuwa inaelea."

Sina la kuongeza hapo.

Dalili: mashuhuri wanajinadi kama wagombea udiwani

Conan Doyle anaingia chumbani na kabla hajavua kofia tumeshaambiwa ni daktari, ni Sir, ndiye aliyemtunga Sherlock Holmes. Houdini naye vivyo hivyo. Mwandishi amesoma, anataka tujue amesoma.

Jaribio ni dogo: funika jina kwa kidole, soma mazungumzo. Kama hujui nani anasema, jina hilo ni stika ya kioo cha nyuma. Houdini alikuwa mtu wa kufuli na minyororo. Akiingia penye maiti angetazama kitasa kwanza. Daktari angetazama kucha. Na Lovecraft, aliyeishi kwa kuandika barua na aliyechukia baridi, alikuwa pia hawezi kabisa vyakula vya baharini. Ukimpitisha Ferry asubuhi samaki wanaposhushwa, umemaliza utambulisho wote bila kutaja kitabu chake hata kimoja. Wala sitanii, ukurasa huo ningeulipia.

Dalili: hatari ipo, wasiwasi haupo

Houdini amening'inizwa juu ya shimo, kamba inakatika uzi mmoja mmoja, nami nawaza kama luku itafika asubuhi. Kwa nini? Kwa sababu hadithi iko mwaka 1923, na Houdini alifia Detroit tarehe 31 Oktoba 1926, kidole tumbo kikiwa kimepasuka. Conan Doyle alifariki 1930. Shimo haliwezi kuwala. Msomaji anayewajua ameshika cheti cha kifo mkononi.

Wengi hutibu dalili hii kwa kuongeza shimo kina. Haisaidii. Hatari inabidi ihamishiwe kwenye kile ambacho mtu huyo anaweza kukipoteza bila kufa. Na hapa ndipo kile kitabu kiliponikera hasa, maana historia yenyewe ilikuwa imekitengea chakula mezani.

Houdini na Conan Doyle walikuwa marafiki. Conan Doyle aliamini kwa moyo wote kwamba wafu wanazungumza. Mwanawe Kingsley alikuwa amefariki 1918. Houdini alikuwa akiwaumbua matapeli wa mizimu, lakini naye alikuwa na kidonda chake: mama yake, Cecilia, aliyefariki 1913 na ambaye hakuwahi kumaliza kumlilia. Juni 1922, katika hoteli moja ya Atlantic City, mke wa Conan Doyle alikaa na karatasi na penseli, roho ikampanda, mkono ukaanza kuandika wenyewe. Kurasa kwa kurasa, barua ya mama kwa mwana. Juu ya ukurasa wa kwanza mkono ulichora msalaba. Maneno yote yalikuwa ya Kiingereza.

Cecilia alikuwa mke wa rabi. Kiingereza hakukijua cha kuandikia barua.

Tazama chumba hicho. Mtu aliyetamani kuliko chochote kusikia sauti ya mama yake amekaa kimya, anatazama msalaba, na mbele yake rafiki yake anang'aa kwa furaha akidhani amempa zawadi. Houdini hakusema kitu palepale. Baadaye alisema hadharani, na urafiki ukafa. Sasa weka hofu yako ya ulimwengu humo. Vipi kama kweli kuna kitu kilichoushika ule mkono, na kitu hicho hakikuwa mama, wala hakikuwa na nia mbaya, hakikujua tu tofauti ya mama na msalaba? Hapo Houdini anaweza kuishi mpaka 1926 na bado nikamwogopea.

Kitabu cha mtumba kinalipitia jambo hilo kwa aya moja, kikiwa na haraka ya kushuka chini ya jengo kuonana na mdudu mwenye mikono ya pweza.

Dalili: sura ya mwisho inageuka mkutano wa hadhara

Kiongozi wa kundi la siri anasimama mbele ya madhabahu, anaeleza kila kitu, nani aliua, kwa nini, lini nyota zitakaa sawa. Wasikilizaji wamefungwa kamba, hawana pa kwenda. Ukifunga kitabu hujaridhika kama umesoma upelelezi, na hujaogopa kama umesoma cha kutisha.

Hapa mashine mbili zimegongana. Sisi wasomaji wa Kiswahili tulilelewa na Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla. Tangu *Mzimu wa Watu wa Kale* ya 1960 tumezoea kwamba watu watasema mzimu, na Bwana Msa atavuta kiko chake na kutuonyesha mtu. Ndiyo raha ya upelelezi: mzimu unapungua mpaka unaenea ndani ya suruali. Hofu ya ulimwengu hufanya kinyume chake, inaanza na mtu na kuishia na kitu kisichoenea popote. Ukitaka vyote viwili kwenye jibu moja, jibu litapasuka.

Tenganisha maswali. Swali la *nani* lijibiwe lote, kwa haki, kwa vidokezo ambavyo msomaji alipewa tangu mwanzo. Usimdhulumu kwa kisingizio cha siri za mbinguni. Swali la *nini* lianze kuonekana pale la kwanza linapofungwa. Muuaji amekamatwa, amekiri, maelezo yake yanaingiana sawasawa, isipokuwa anasema maiti zilikuwa tatu na polisi wanazo nne.

Dalili: huku Pwani hakuna anayeshtuka

Niliwasomea wenzangu wanne sura ambayo zimwi linatokea. Mmoja, mama wa makamo mzaliwa wa Bagamoyo, aliuliza kwa upole: "Sasa huyo, anataka nini?"

Nimekaa na swali hilo siku nyingi. Watu wa Pwani hawana upungufu wa viumbe. Mtoto wa Kigamboni anajua chunusi, yule zimwi wa majini, kabla hajajua kuogelea. Jini ana jina, ana kabila, ana dini yake, ana anachokipenda. Akimpanda mtu, wazee wanamuuliza: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini? Naye anajibu: anataka ngoma, anataka ubani, anataka kitambaa chekundu, anadai ahadi ya bibi iliyosahauliwa. Anatisha, naam, lakini ni mtu wa kuzungumza naye. Ni kama mwenye nyumba mkorofi.

Kwa hiyo mwandishi anayeleta mungu wa kale kutoka nyota za mbali, mwenye waumini, kafara na siku yake ya kuabudiwa, kwa msomaji wa huku ameleta jini mgeni. Tutaulizia ada yake. Chanzo cha ubovu ni kwamba kiumbe anataka kitu, na anayetaka kitu ana bei.

Rekebisho ni kumwondolea matakwa. Hebu fikiria mganga anauliza maswali yale matatu na mgonjwa anajibu vizuri, kwa sauti ya kawaida, kwamba hakuna anachotaka. Ubani hautaki, damu haitaki, hata mgonjwa mwenyewe hamtaki, alikuwa anapita. Nilipolisema hili yule mama wa Bagamoyo alijivuta khanga mabegani. "Hilo sasa," akasema, "hilo usilirudie usiku."

Bahari yetu yenyewe inajua mchezo huo. Silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka pamoja na madinosaria, alionekana Afrika Kusini mwaka 1938, na miaka michache baada ya 2000 wavuvi wa Tanga wakawa wanamnasa kwenye nyavu za kina kirefu walizotegea papa. Miaka milioni sitini na kitu alikuwa chini kule, hajifichi, hangoji mtu, wala hakujua tulikuwa tumemzika.

Dalili: shujaa ananukia sabuni

Fupi, lakini lisirukwe. Lovecraft wa kile kitabu ni kijana mwenye haya, mpole, anayependa paka. Paka alipenda kweli. Lovecraft wa kweli alikuwa mbaguzi wa rangi, na si kwa bahati mbaya ya zama zake tu: ubaguzi umo ndani ya woga wake. Ana hadithi ambayo kilele chake chote cha hofu ni Mwingereza kugundua kwamba bibi wa ukoo wake alikuwa sokwe wa Kongo, na fumbo la damu ya Kiafrika halijifichi. Mimi ninayesoma nikiwa Sinza ndiye zimwi la hadithi hiyo, na nimekaa nasonga ugali.

Mwandishi aliyemsafisha alidhani anatusitiri. Amejinyima mhusika. Mtu anayeogopa majirani zake kuliko anavyoogopa nyota angekuwa mpelelezi mbovu kwa namna ya kusisimua: kila ushahidi ungemwelekeza mbinguni, naye angebaki anawatazama wahamiaji wa Brooklyn, alikoishi kati ya 1924 na 1926. Msomaji angeona kabla yake. Hiyo ni tashtiti ya bure, imeachwa chini.

Dalili: ukimaliza unahisi umedhulumiwa, na hujui na nani

Sasa tumefika kwenye injini. Hapa naacha kitabu cha mtumba, nachukua mswada, maana ndani ya mswada ubovu huu unaonekana kwa macho.

Wazee waliohojiwa miaka ya 1960 walisimulia kwamba Kinjikitile wa Ngarambe, mnamo 1904, alishikwa na pepo, akatambaa kwa tumbo mpaka majini akazama. Ndugu walilala ukingoni wakingoja. Waliojua kupiga mbizi walizama wakamkosa. Asubuhi alitoka mzima, nguo zake kavu, akaanza kusema. Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba ya Mjerumani, na vita vikawaka kusini nzima. Kinjikitile alinyongwa mapema Agosti, vita vikiwa bado vichanga. Njaa iliyofuata, baada ya mazao na maghala kuchomwa, iliua watu makumi kwa makumi ya maelfu.

Katika mswada wa kwanza, joka la nyota ndilo lililopanga yote. Lilimdanganya Kinjikitile kuhusu maji, likawapanda maofisa wa Kijerumani wakachoma mashamba, likanywa vifo. Kijana alijivunia sana muunganiko huo. Tulikuwa tumekaa nje ya duka la chipsi, nikamwambia asome tena kwa jicho la wakili.

"Shikamoo dada, mbona unanitisha," alisema. Alikuwa ameshanisalimia mwanzo. Ile ya pili ilikuwa ya kuomba radhi kabla ya kosa.

"Marahaba. Nani amechoma mashamba?"

"Joka."

"Na yule ofisa aliyetoa amri?"

Alikaa na chipsi mkononi. "Amepandwa tu. Hana kosa."

Ndiyo hiyo. Zimwi limewatoa Wajerumani kwa dhamana. Na kwa upande wa pili limemgeuza Kinjikitile mjinga aliyelaghaiwa, na imani iliyowakusanya watu wa makabila yasiyokuwa na jeshi moja ikawa hila ya mdudu. Ukiweka kiumbe cha anga kuwa *chanzo* cha jambo lililofanywa na watu, unafuta mashtaka, na msomaji anasikia pengo hata asipojua kulitaja. Kitabu cha mtumba kimefanya hivyohivyo kwa matapeli wa mizimu waliokuwa wakiwachuna waliofiwa baada ya vita vya 1914 hadi 1918: eti nao walitumwa na nguvu za giza. Hapana, walitumwa na njaa ya hela.

Kutengeneza ni kazi ya siku kadhaa, si ya nusu saa. Pamba ibaki pamba, amri ibaki ya aliyeitoa, kamba ibaki ya aliyeifunga. Kitu kisicho cha dunia kisisababishe lolote. Kiwepo tu, pembeni, kikigusa mahali ambapo historia imenyamaza. Na mtu wa kweli atazamwe kutoka nje. Usiingie kichwani mwa Kinjikitile kumwandikia mawazo, hujui alichokiona kule chini, na kutokujua huko ndiko mali yako. Tafuta mtu mdogo wa kubuni asimame ukingoni: karani wa akida, mwenye daftari, aliyetumwa kuhesabu waliokusanyika.

Kijana alilalamika kwamba joka lilimchukua miezi minne. Nikamwambia ampe likizo.

Juzi kanitumia ukurasa mpya kwa WhatsApp, nikausoma nimesimama kwenye mwendokasi, mkono mmoja juu. Karani amekesha ukingoni, hakuthubutu kukaribia maji. Jua limepanda. Kinjikitile anatoka, anapita mbele yake, shuka kavu kama limetoka kuanikwa. Karani anainama aandike, na wino unatawanyika ukurasani. Anatazama mikono yake. Kanzu yake yote inachuruzika maji.

Nilipitiliza kituo. Nimemjibu kwamba ukurasa huo asiuguse tena hata nukta, na kwamba wa pili yake bado una "isiyoelezeka" mbili.